Mtazame Mwanao Penye Mwanga

Yapo mambo ambayo mtu hudhani kuwa ni mamoja duniani kote, na kuzaliwa kwa mtoto ni mojawapo. Uchungu ni uleule, kilio cha kwanza ni kilekile, na furaha ya mama anapowekewa kiumbe chake kifuani haina taifa. Hata hivyo, mara tu kitovu kinapokatwa, mtoto huingia katika mikono ya desturi, na desturi za watu hazifanani. Anayejifungulia nyumbani huzijua desturi zake bila ya kufundishwa. Anayejifungulia ugenini hana budi kujifunza upya, tena katika saa ambazo mwili wake umechoka kuliko siku nyingine zote.

Nimeona niandike habari hizi kwa sababu wengi wenu mnao watoto, wadogo au wakwe walio masomoni na kazini ng'ambo, na habari za uzazi wao huwafikia kwa simu, nusu nusu. Aidha, jambo lililonikuta huko linamhusu hata mama atakayejifungulia Temeke, Tanga au Mwanza bila ya kupanda ndege katika maisha yake.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mwezi wa Februari 2019, katika hospitali ya mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Mume wangu alikuwa katika mwaka wa pili wa masomo yake, nami nilichukua likizo bila ya malipo ili niwe karibu naye. Kabla ya kupewa viza tulilipa tozo ya afya ambayo nchi hiyo imekuwa ikiwatoza wageni wa namna yetu tangu mwaka 2015. Kwa malipo hayo tukapata haki ya kutibiwa kama wenyeji katika huduma yao ya taifa ya afya, iliyoanzishwa mwaka 1948, na hakuna aliyekuja kitandani kwangu na hati ya madai.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya yale tuliyoyazoea. Huku kwetu mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na neno hilo ni cheo. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunywa uji wa pilipili manga, hufungwa tumbo kwa kanga, na kwa muda wa siku arobaini hakuna anayemtazamia ashike ufagio. Mtoto huogeshwa na bibi yake au shangazi yake. Majirani huja kumpa mzazi pole na hongera kwa pumzi moja, na kila mmoja humchungulia mtoto na kusema neno. Kazi ya mzazi ni kunyonyesha na kupata nguvu.

Wahenga walisema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ileile ya kwanza. Nilijifungua Jumatatu alfajiri. Kabla jua halijachomoza nililetewa chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate wa kubanika, na kando ya kitanda likawekwa jagi la maji yenye mabonge ya barafu. Niliyatazama maji yale nikamkumbuka mama yangu mzazi, ambaye bila shaka angeyamwaga dirishani. Mtoto alilazwa katika kitanda kidogo cha plastiki kinachoonyesha kama kioo, akavishwa utepe wenye jina langu kwenye vifundo vyote viwili vya miguu, na tangu hapo akawa wangu mimi kumgeuza, kumbadilisha nepi na kumbembeleza. Saa mbili usiku mume wangu aliaga, kwa kuwa utaratibu wa wodi hiyo haukumruhusu kulala. Nilibaki nyuma ya pazia, na kanga yangu ya kisutu, na sauti za watoto wa watu wengine.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wakunga wale. Walikuwa watu wa kazi, na mengi waliyoyafanya yalinifundisha. Walimchoma mtoto sindano ya vitamini K ya kuzuia damu isivuje ndani kwa ndani. Walimpima usikivu. Walinieleza kwamba siku ya tano atatobolewa kisigino ili damu yake ichunguzwe maradhi kadhaa ya kurithi, selimundu ikiwemo. Walinieleza pia kwamba chanjo ya kifua kikuu, ambayo kwetu kila mtoto huipata mara azaliwapo, huko hupewa baadhi tu, wakiwemo watoto ambao wazazi wao wametoka katika nchi zenye ugonjwa huo kwa wingi. Walipoona mabaka ya rangi ya buluu kwenye matako yake, ambayo akina mama wengi wa Kiafrika wanayajua na hawayashangai, waliyaandika katika kitabu chake, ili baadaye asije mtu akadhani kuwa mtoto alipigwa. Moyo wangu ulitulia. Nilijiambia kwamba watu hawa wanajua kuwa ngozi za wanadamu hazisomeki kwa namna moja.

Lakini kujua jambo kwa baka la matakoni si kulijua kwa mwili mzima, na hapo ndipo ulipo msingi wa habari yangu.

Mtoto anapozaliwa hospitalini, hupimwa katika dakika ya kwanza na ya tano kwa kipimo alichokibuni Daktari Virginia Apgar wa New York mwaka 1952. Hutazamwa mambo matano: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu ya misuli, mwitikio anapoguswa, na rangi ya mwili. Kila jambo hupewa alama kuanzia sufuri hadi mbili, na jumla ya juu kabisa ni kumi. Ni kipimo chepesi chenye manufaa makubwa, na hutumika hata katika hospitali zetu. Hata hivyo, katika maelezo yake ya asili, alama mbili kamili za rangi hupewa mtoto ambaye mwili wake wote ni wa waridi. Maneno hayo hayawafai watoto wa rangi zote. Mkunga wa kwetu hutazama midomo, ulimi na fizi, kisha akaendelea na kazi yake. Mtoto wetu naye huzaliwa akiwa mweupe kuliko atakavyokuwa, na ndiyo maana bibi zetu hutazama ncha za masikio na ngozi iliyo karibu na kucha wanapotaka kutabiri rangi yake. Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni, lakini ni elimu.

Jumanne jioni mwanangu alianza kulala mno. Wazazi wenzangu katika wodi walikuwa wamekwisha kwenda kwao, kwani huko mwanamke aliyejifungua salama huweza kuruhusiwa hata baada ya saa sita. Mimi nilizuiliwa kwa sababu ya damu iliyonipungua. Nilimwamsha anyonye, alinyonya mara mbili tatu, akalala. Alipopiga mwayo niliona kwamba fizi zake hazikuwa na rangi niliyoizoea kwa watoto wa dada zangu. Nilimwita muuguzi wa zamu. Alimwinamia chini ya taa, akamtazama uso, akasema kwa upole, "Rangi yake ni nzuri, usiwe na wasiwasi," akaenda kwa wengine waliokuwa wakimngojea.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Kichwani mwake mtoto alivaa kofia ya sufi ya rangi ya manjano, iliyofumwa na wazee wa kujitolea wanaowafumia watoto wa hospitali hiyo, na taa za wodi nazo zilikuwa na umanjano wake. Kila nilipomtazama nilijiuliza kama ninachokiona kimo katika ngozi, katika kofia, katika taa, au katika uchovu wangu. Ilipotimu saa kumi za usiku, ambayo kwetu ilikuwa ni saa moja asubuhi, nilimpigia mama simu ya picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzazi hajambo? Na mwenzako?"

Nilimsogezea mtoto kwenye simu. Mama alimtazama kwa muda mrefu, akasogeza simu yake karibu na uso, kisha mbali. "Mwanangu," akasema, "kioo hiki hunionyesha kila mtu kwa rangi ya kioo. Mimi simwoni vizuri. Wewe ndiye uliye naye. Kama moyo wako haujatua, waambie, na wasipokusikia waambie tena."

Asubuhi ya Jumatano daktari alinipima akaridhika na hali yangu, na karatasi za kuniruhusu zikaletwa. Hapo ndipo nilipopata mtihani ambao kila mgeni anaujua. Mgeni huogopa kuonekana mjuaji. Amekaribishwa, ametibiwa, amehudumiwa. Atasemaje kwamba mwenyeji hakutazama vizuri? Tena nilikuwa nimekwisha kuambiwa kuwa rangi ni nzuri. Niliziweka karatasi zile kitandani bila ya kuzitia sahihi. Mkunga mwingine, mwanamke wa makamo aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia zamu, alikuja kuzichukua. Nilimwambia, "Sista, sitaondoka kabla hujamtazama mwanangu dirishani."

Hakubishana nami. Alimvua mtoto kofia na nguo, akampeleka penye dirisha ambako mwanga mweupe wa asubuhi ya baridi ulikuwa unaingia. Alimbonyeza ncha ya pua kwa kidole, akakiinua kidole na kutazama ngozi kabla damu haijarudi. Akafanya hivyo kifuani. Akainua ukope, akatazama weupe wa jicho. Akafungua kinywa, akatazama fizi. Kisha akanirudishia mtoto, akaondoka kwa hatua za haraka, akarejea na kifaa kidogo ambacho alikigusisha kwenye kifua cha mtoto. Kifaa kilisoma zaidi ya 250, nacho ndicho kiwango ambacho kikizidi, kanuni za huko hudai kwamba damu yenyewe ipimwe. Damu ilipopimwa, jibu lilikuwa la juu zaidi. Karatasi za kuniruhusu zilichanwa mbele yangu.

Yafaa nieleze, msomaji, ugonjwa huu ni nini. Watu wengi husema homa ya manjano, lakini homa ya manjano ni maradhi mengine yanayoenezwa na mbu. Huu ni umanjano wa watoto wachanga. Mtoto huzaliwa na chembe nyekundu nyingi za damu, na zile zilizozeeka zinapovunjika hutoa uchafu wa rangi ya manjano uitwao bilirubini. Ini la mtu mzima huuondoa kwa urahisi. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, hivyo uchafu hujikusanya mwilini. Kati ya watoto 100 waliozaliwa kwa miezi kamili, takribani 60 hupata umanjano katika juma la kwanza, na kwa waliozaliwa kabla ya wakati hufikia 80. Wengi wao hupona wenyewe bila ya dawa. Lakini kwa wachache bilirubini hupanda kiasi cha kuingia katika ubongo, na ikiisha kuingia, madhara yake hayarudi nyuma: uziwi, mtindio wa ubongo, au mauti.

Kwa mwanangu sababu ilionekana upesi. Damu yangu ni ya kundi O na yake ni ya kundi B. Kinga za mwili wangu zilikuwa zimepenya na kuanza kuzivunja chembe zake. Walimpima pia upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni wa kurithi na unapatikana kwa wingi kwa watu wa nchi zenye malaria, wa pwani yetu wakiwemo. Hakuwa nao.

Alivuliwa nguo, akaachiwa nepi, akafunikwa macho kwa kitambaa, akalazwa chini ya taa za rangi ya buluu. Nilifikiri kwamba taa zile ni uvumbuzi wa mainjinia. Yule mkunga wa makamo ndiye aliyenisimulia asili yake, naye alisimulia kwa fahari, kwa sababu asili hiyo ni muuguzi mwenzake.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati aliitwa Sista Jean Ward. Siku za joto alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto uani wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye mwili wake ulikuwa umepungua umanjano, isipokuwa pembe moja ya ngozi iliyobaki manjano kabisa. Ilikuwa ni mahali palipofunikwa na ncha ya shuka. Baadaye chupa ya damu ya mtoto iliyosahauliwa kwenye dirisha lenye jua ilipopimwa, bilirubini yake ilionekana kuwa imeshuka. Madaktari wa hospitali hiyo walifuatilia, wakatengeneza taa, na mwaka 1958 wakatangaza matokeo yao katika jarida la The Lancet. Leo taa hizo zimo katika hospitali za dunia nzima. Mwanga wake, hasa ule wa buluu, huigeuza bilirubini iliyo katika ngozi ikawa kitu ambacho mwili unaweza kukitoa.

Nililitafakari jambo hilo kwa siku mbili nilizokaa kando ya sanduku lile la buluu, nikimtoa mwanangu kwa dakika zisizozidi 30 ili anyonye, na kumrudisha. Kila baada ya saa kadhaa kisigino chake kilitobolewa. Nililia naye kila kilipotobolewa, na nilishukuru kila tarakimu iliposhuka. Ijumaa taa zilizimwa. Wakangoja hadi Jumamosi, wakampima tena kuona kama umanjano utarudi. Haukurudi. Tulitoka katika theluji, mtoto amefungwa ndani ya kanga mbili na blanketi tatu. Kwa siku zilizofuata mkunga alikuja nyumbani kwetu kumtazama, nami kila mara nilimwongoza hadi dirishani.

Jambo lililonipata halikuwa langu peke yangu. Mwezi wa Julai 2023 taasisi ya Uingereza inayochunguza tofauti za afya baina ya watu wa rangi mbalimbali ilitoa ripoti iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Sheffield Hallam. Ripoti hiyo ilieleza kwamba kuwatazama kwa macho tu watoto weusi na wa Kiasia hakutoshi kugundua umanjano, na kwamba maneno kama "waridi" katika miongozo ya wakunga hayawafai watoto hao. Ilishauri miongozo iandikwe upya, wakunga wafundishwe, na vifaa vya kupimia vitumike zaidi. Nilipoisoma nilikumbuka usemi wetu wa mgeni njoo mwenyeji apone. Akina mama wageni waliosema na kurudia kusema wamewasaidia wenyeji wao kuona.

Basi, mzazi wa Temeke afanye nini na habari hizi? Afanye mengi. Umanjano huongezeka zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano, yaani wakati ambapo wengi wetu tumekwisha kurudi nyumbani. Na nyumbani, kwa heshima ya arobaini, mzazi na mwanawe hukaa katika chumba chenye mapazia yaliyofungwa, na mwanga ni hafifu. Desturi ya kumpumzisha mzazi ni njema, nami niliitamani kwa machozi nilipokuwa mbali nayo. Lakini kila siku, mara moja au mbili, mtoto atolewe penye mwanga wa mchana. Avuliwe nguo. Atazamwe weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Abonyezwe pua na kifua. Wazee wetu watajua la kutafuta wakiambiwa.

Ukiona umanjano katika saa 24 za kwanza, usingoje hata kidogo. Ukiona mtoto analala mno, hanyonyi, au umanjano umeshuka hadi tumboni na miguuni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usitegemee kumwanika juani. Ni kweli kwamba tiba hii ilianzia juani, lakini jua halina kipimo. Huweza kumuunguza mtoto au kumtia baridi, na siku zinapita huku bilirubini inapanda. Tena usimvishe nguo zilizohifadhiwa kwa vidonge vya naftalini vya kufukuzia nondo, kwa maana mtoto mwenye upungufu wa G6PD anapovuta mvuke wake, damu yake huweza kuvunjika kwa kasi ya kutisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi na mtoto waonwe na mhudumu wa afya katika saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, kisha katika juma la pili na la sita. Ile ziara ya pili ndiyo ambayo wengi tunairuka, nayo ndiyo inayoangukia katika siku za hatari.

Na kwako wewe uliye ugenini, au mwenye binti anayekaribia kujifungua huko: heshimu ujuzi wa wenyeji, kwa maana ni mkubwa, nami mwanangu ninaye kwa sababu ya ujuzi huo. Lakini usione haya kuomba pazia lifunguliwe. Wao wamewatazama watoto wengi, na wewe umemtazama huyo mmoja usiku kucha. Sema kwa adabu, rudia kwa adabu, na usitie sahihi ya kuondoka mpaka moyo wako utue.